Kitu Kisichokaa Chomboni

"Kwa nini hawakuiweka kwenye friji?"

Mama mkwe wangu aliniuliza hivyo jikoni kwangu, Wembley, mwiko mkononi, uso ameukunja kwa kitu ambacho mtu asiyemjua angedhani ni hasira. "Maziwa yanakaa," alisema. "Samaki anakaa. Hata damu za watu wanaziweka. Hiyo dawa ya mwanangu ina nini hata isikae mpaka siku atakayorudi?"

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira yangu mwenyewe, ya kweli. Lakini swali lenyewe nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeulizwa darasani majuma kadhaa nyuma, ila kwa maneno mengine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilifundisha Tanga kabla ya kuja huku, na sasa nafundisha sekondari moja upande wa Kenton, watoto wenye akili na midomo, ambao wakikuona umebabaika mara moja basi umekwisha. Siku hiyo msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye kwa kawaida hulala kipindi changu bila haya, aliinua mkono akataka kujua kwa nini antimata ni ghali kuliko kitu kingine chochote duniani.

Nilimjibu vizuri, na nililipenda jibu langu. Nilimwambia kwamba kila chembe ya maada ina pacha wake wa kinyume, sawa kwa uzito, kinyume kwa chaji, na wakikutana tu wote wawili hutoweka, hakibaki kitu ila mionzi. Pacha huyo wa kinyume humchimbi ardhini, maana hayupo, ukimtaka umtengeneze. Unachukua chembe za kawaida, unazikimbiza kwenye mashine inayokula umeme bila huruma, unazigonga kwenye kipande cha chuma, na karibu nishati yote inapotea kuwa joto na takataka. Mara chache sana inachomoka chembe unayoitaka, tena ina mbio za ajabu, na imeandamana na mwenzake wa kawaida ambaye wala humhitaji. Sasa uikamate. Uipunguze mwendo. Halafu uiweke wapi? Kikombe ni maada. Chupa ni maada. Hewa nayo ni maada. Ikigusa ukuta wa chombo chochote imekwisha. Inabidi uielekeze katikati ya ombwe, mahali pasipo hata hewa, uishikilie kwa sumaku na umeme isiguse popote, na siku umeme ukikatika umepoteza yote. Watu wengi, mitambo mikubwa, kazi ya miaka, na mavuno yake huwezi kuyaona kwa macho.

"Kwa hiyo, Miss, watu wanalipia kitu kisiguse kitu," akasema yule msichana.

Nikamwambia kwa kiasi kikubwa ndivyo. Nikaondoka shuleni jioni ile nimejaa furaha ya kijinga, ile ya mwalimu aliyefanikiwa kumwamsha mtu mmoja.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mume wangu alikuwa amekohoa tangu wakati wa joto. Mwanzoni tulikilaumu kiyoyozi cha ofisini kwao, halafu baridi, halafu unyevu wa chumba chetu cha kulala ambao mwenye nyumba alikuwa ameahidi kuushughulikia. Mwisho wakampiga eksirei, wakaona kivuli kwenye pafu la kushoto, wakanyofoa kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Daktari aliyetuambia neno saratani alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na alitusemesha kwa adabu sana, jambo lililonitisha kuliko kama angetufokea.

Alisema kuna njia mbili tu. Kama ugonjwa umekaa pale pale ulipo, watampasua, watakata kile kipande cha pafu, na ana nafasi nzuri ya kuzeeka. Kama umeshatoka ukaenda kwingine, hakuna kupasua. Zitabaki dawa za kuvuta muda, na hakutaka kutuambia muda gani. Cha kuamua kati ya hizo njia mbili ni skani moja ya mwili mzima, na kabla yake mgonjwa huchomwa sukari iliyotiwa mionzi.

Nilipoelewa ni skani gani nilicheka peke yangu ndani ya treni, kicheko kibaya, mpaka abiria aliyekaa mbele yangu akahama. Ile sukari hutoa positroni, na positroni ni antimata. Pacha yule yule niliyewaambia watoto kwamba hashikiki angezaliwa ndani ya mkono wa mume wangu, angekutana na elektroni ya kwanza ya mwili wake, wote wawili wangetoweka, na kutoweka kwao kungerusha miali miwili, mmoja huku, mwingine kule. Mashine inanasa ile miali na kuchora ilikotoka. Saratani inapenda sukari kuliko nyama nyingine za mwili, kwa hiyo pale ilipo panawaka. Hospitali wanaimudu antimata yao kwa sababu moja tu, kwamba hakuna anayejaribu kuiweka. Wanaiacha izaliwe na kufa hapo hapo. Nilishuka Wembley Park nikiwa nayaelewa yote hayo.

Mama yake alikuja kutoka Muheza majuma machache baadaye. Hakuna aliyemwita, alisikia mwanawe mgonjwa akatafuta viza akapanda ndege, yeye ambaye Dar es Salaam kwenyewe huenda kwa kulalamika. Alikuja na pilipili manga, mdalasini, iliki, kanga zangu mbili, chupa ya marashi ya mawaridi, na zafarani iliyofungwa kwenye kitambaa ndani ya kitambaa. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na alimfundisha yeye, mtoto wa kike pekee aliyekuwa na mwandiko mzuri, kuandika kombe. Nilijua zafarani ile ni ya nini. Mimi ni mtu wa maabara, lakini nimezaliwa Tanga, na nimeshakunywa kombe nikiwa na malaria, na sikuwa na neno.

Masharti ya skani nilimweleza mama mwenyewe, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la mitihani. Asile chochote tangu jana yake usiku. Maji matupu tu. Mume wangu sukari yake ya damu huwa inayumba, na ikipanda dawa haitaingia inakotakiwa.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Asile."

Na hakula. Hilo lazima niliseme kwa haki ya mama. Siku ilipofika, giza la asubuhi ya Januari bado limetanda dirishani, niliwasikia wawili hao sebuleni wakimaliza sala ya alfajiri. Kisha nikasikia kijiko kinakoroga. Nilidhani mama anajitengenezea chai yake. Nilikuwa bafuni, napiga mswaki, nafikiria foleni ya magari.

Hospitali tulipokelewa na nesi Mkenya, mwanamke mnene mchangamfu aliyetujua kwa lafudhi kabla hatujamaliza kusema good morning. Alimuuliza mume wangu kwa Kiingereza kama amekula au kunywa chochote zaidi ya maji. Mume wangu akasema hapana, na alisema kweli kadiri alivyoijua. Nesi akamtoboa kidole, akatazama kile kipimo kidogo, akamtoboa kidole kingine.

"Mzee," alisema, sasa kwa Kiswahili, "hakuna kitu umekula leo? Hata chai kidogo?"

"Hapana, dada."

"Hata juice?"

"Sijatia kitu mdomoni. Kombe tu."

Nilimgeukia. Nesi akaniangalia mimi. "Kombe ni nini?"

Nikamweleza: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi ya mawaridi, maji yale mgonjwa anakunywa. Alisikiliza vizuri, bila kucheka, akauliza swali moja tu. "Na huwa inawekwa sukari?"

"Asali," alisema mume wangu, na hapo ndipo nilipoona uso wake umebadilika. Tangu utotoni alikuwa hawezi kuimeza ladha ya zafarani na marashi, na tangu utotoni mama yake alimtilia asali, nyingi, bakuli zima likawa tamu. Kwake ile haikuwa chakula wala kinywaji. Ilikuwa dua. Kama nesi angemuuliza ameswali, angejibu ndiyo.

"Hii sukari imeenda juu sana," alisema nesi. "Nikimdunga saa hii, hiyo picha haitaonyesha kitu. Pole sana."

Niliuliza kama tunaweza kusubiri ishuke. Nilijua jibu, lakini niliuliza. Akatuonyesha kwa kidevu kasha dogo la madini ya risasi lililokuwa mezani, zito, lenye kifuniko kinene. Dawa yake ilikuwa humo, ndani ya bomba la sindano. Imetengenezwa alfajiri ile ile mahali pengine, kwenye mashine ya kukimbiza chembe, ikaletwa kwa gari, imepimwa kwa ajili yake na kwa saa ile. Kila muda wa saa mbili ukikaribia kutimia, nusu yake imeshakufa. Kabla damu ya mume wangu haijatulia, ndani ya kasha kungebaki kitu cha kutupa. Nesi alilibeba kwa mikono miwili akaliweka kwenye rafu ya nyuma, peke yake, akafunga mlango.

Tulirudi kwa basi. Mume wangu alikaa dirishani akikohoa ndani ya skafu. Mimi nilikuwa nalifikiria lile kasha. Sikuweza kuacha kulifikiria, linavyopungua pale rafuni bila kumgusa mtu.

Kwa hiyo mama aliponiuliza kuhusu friji, nilitaka kumpigia kelele, na nilikaribia sana. Badala yake nilivuta kiti nikamjibu. Nilimwambia baridi haiisaidii dawa ile. Kuna vitu vinaoza kwa joto, hivyo unavizuia. Hiki hakiozi, kinakufa kwa hesabu yake chenyewe, uweke barafuni au motoni. Na kile kinachotoka ndani yake ndiyo kabisa, hakikai chombo chochote cha mwanadamu, kikikigusa tu kimeondoka. Ndiyo maana kinatengenezwa asubuhi kwa mtu mmoja, na mtu huyo lazima awe tayari.

Alinielewa. Mama mkwe wangu si mtu wa kuelezwa mara mbili. Aliuweka mwiko chini.

"Basi ni mimi niliyeimwaga," alisema.

"Mama, hukumwaga kitu," alisema mume wangu kutoka sebuleni.

"Nimeimwaga kwa mkono wangu. Na jina la Mungu juu yake." Akaketi, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Nilimshika bega. Nilimhurumia, na wakati huo huo nilikuwa bado nimemkasirikia, na sikujua la kufanya na vyote viwili.

Nafasi nyingine haikupatikana upesi. Mashine ilikuwa imejaa watu, halafu ikaharibika, halafu ikajaa tena. Katika majuma yale sauti ya mume wangu ilianza kukwaruza. Mtu huyu kazi yake ni hesabu za ofisi lakini kipaji chake ni kuongea. Kutoka stesheni mpaka mlangoni kwetu alikuwa hapiti bila kumsimamisha Mgujarati wa duka la mboga aliyezaliwa Kampala, Mkongo wa kinyozi, na yeyote yule aliyesema habari. Sasa alikuwa anawapungia mkono. Nikasema ni ile hita ya chumbani, inakausha hewa. Nikanunua bakuli nikaweka maji chini yake. Mama alilitazama lile bakuli kila asubuhi.

Siku ya skani ya pili ilipokaribia nilishika uongozi wa nyumba. Nilimpima sukari mwenyewe. Nilisoma kila nilichoweza kusoma kuhusu maandalizi, na humo nikakuta kwamba baada ya sindano mgonjwa hukaa kama saa nzima akisubiri dawa itembee, na muda huo atulie kabisa, awe na joto, asitafune, asiongee. Msuli wowote ukifanya kazi unakula sukari, na ukila sukari unawaka kwenye picha kama ugonjwa. Misuli ya kooni ndiyo ya kwanza kudanganya.

"Umenisikia?" nilimwambia. "Usiongee. Nesi akikuuliza, itikia kwa kichwa. Simu zima. Na hizo dhikri zako soma moyoni, ulimi usicheze."

"Ndiyo, mwalimu," alisema, akinitania, kwa ile sauti yake mpya.

Mama alikwenda mbali zaidi. Asubuhi ile hakuingia jikoni kabisa. Aliketi kwenye kochi, mikono mapajani, na tulipokuwa tunavaa viatu aliniita akanikabidhi simu yake. "Ondoka nayo," aliniambia. "Nisije nikashikwa na wasiwasi nikampigia." Niliitia kwenye mkoba wangu, na ilikaa humo siku nzima, imezimwa.

Sukari ilikuwa nzuri. Nesi yule yule alileta kasha la risasi, akafungua, akamdunga haraka kwa bomba lililovikwa chuma, akamfunika mablanketi mawili, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Akasema kwa upole kwamba sasa tusikae naye karibu, na jioni asiwapakate watoto wala asikae na mwenye mimba. Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango wenye alama ya njano. Kulikuwa na kioo kidogo. Nilimwona amelala pale, kidevu juu ya blanketi, midomo imefungwa. Kila nilipochungulia ilikuwa imefungwa. Nilimwonea fahari, na nilikuwa naogopa.

Kuchukua majibu tulikwenda wote watatu. Mama alikataa kubaki. Chumba kilikuwa kidogo, viti viwili, ikabidi daktari atafute cha tatu. Akageuza skrini tuione. Mwili wa mume wangu ulikuwa kijivu, na kwenye pafu paliwaka doa pale tulipopategemea. Ini safi. Mifupa safi. Nilianza kupumua. Kisha akaweka ncha ya kalamu shingoni, pembeni mwa koo, na hapo palikuwa na doa la pili, dogo, lenye mwanga mkali.

Alisema kwa ile sauti yake ya chini kwamba doa hili linamsumbua. Linaweza kuwa ugonjwa umeshapanda. Lakini linaweza pia kuwa si kitu: mtu akiongea baada ya sindano, misuli ya sauti huwaka hivi hivi, na wagonjwa wengi huongea, hawawezi kujizuia. Kama aliongea, yeye yuko tayari kuwaambia wapasuaji waendelee na tarehe yao. Kama hakuongea, upasuaji ungewekwa kando, shingo ingechomwa sindano kupimwa, na hakutaka kutupa matumaini asiyokuwa nayo. Akamtazama mume wangu. Akamwomba ajaribu kukumbuka.

"Anasemaje?" mama aliniuliza.

Nikamtafsiria, yote, kwa sababu macho yake hayakunipa nafasi ya kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajinyoosha kitini, akazungumza akimtazama daktari moja kwa moja, kana kwamba daktari anajua Kiswahili.

"Mwambie nilimpigia simu. Mwambie mimi ni mama yake, sikuweza kuvumilia, nikampigia pale pale alipolala. Tukaongea sana. Nilimsomea aya ndefu na yeye akaitikia kwa sauti."

Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu siku ile. Yeye alijua kwamba ninajua. Alinigeukia, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa kumfukuza mgeni, akaniambia taratibu, "Mwambie, mwanangu."

Nikamgeukia daktari. Nilikuwa tayari. Miaka yote hii nawaambia watoto kwamba kipimo hakijali unachokitaka, na nilifungua mdomo nikaanza, kwa Kiingereza changu cha darasani: mama mkwe wangu anasema kwamba siku ile...

Mume wangu aliweka mkono wake juu ya goti langu.

"She didn't call," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kiasi kwamba daktari alisogeza kiti ili amsikie. Akaendelea kwa Kiingereza, pole pole, akisema kwamba hakuzungumza na mtu yeyote. Alikuwa amekatazwa. Hata dua alisoma moyoni, hakusema hata neno moja.

Daktari aliinamisha kichwa, akaandika kitu kifupi, akaizima ile skrini.

Mama hakuwa ameelewa. Alikuwa ameona tu mwanawe akizungumza, na daktari akiandika. Alinishika mkono chini ya meza, vidole vyake vina baridi, uso wake umeanza kufunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kombe.

"Umemwambia?" aliniuliza. "Amekubali?"